Tuwafundishe watoto wetu kusoma saa

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), aliyeufanya usiku na mchana kupishana, na akaliwekea jua na mwezi mwendo wake ili waja wapate kujua hesabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kumfundisha mtoto mchanga kusoma saa. Wazazi wengi wa Kiislamu hujitahidi kumfundisha mtoto Alifu, kumhifadhisha sura fupi na kumwelekeza namna ya kutawadha. Lakini kazi ya kumfundisha saa tumewaachia walimu wa shule, nao walimu wana watoto wengi darasani na saa moja ya ukutani, kama ipo. Matokeo yake, wapo vijana wanaobaleghe hali wanasoma namba za kwenye simu tu, na ukiwaonyesha saa ya mishale wanababaika.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka saba katika kata ya Sigino, mjini Babati. Asubuhi mama yake anamwambia, "Fanya haraka mwanangu, saa moja hiyo." Mtoto anainua macho ukutani na kuuona mshale mfupi umesimama juu ya saba. Akifika darasani, katika somo la Kiingereza, anaambiwa kuwa hiyo ni saa ya saba. Akirudi nyumbani, simu ya kaka yake inaonyesha 13:00, na watu wazima wanasema ni saa saba mchana. Masikini mtoto huyu afanye nini? Asipopata wa kumfafanulia, ataamua moja kati ya mawili: ama wakubwa wanasema ovyo, ama yeye mwenyewe hana akili. Wengi huamua hili la pili, wakanyamaza.

Hesabu yetu si ya ovyo hata kidogo. Sisi watumiaji wa Kiswahili tunahesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, na saa za usiku tangu kuzama kwake. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hesabu hiyo inakubaliana na macho. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kutimia tangu jua lianze kupanda. Tena siku ya Kiislamu huanza pale jua linapozama, ndiyo maana usiku unaoifuata Alhamisi wazee wetu wanauita usiku wa Ijumaa. Hata majina ya siku zetu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, yanahesabiwa kutoka Ijumaa. Mtoto akielezwa haya huona kuwa lugha ya mama yake ina mantiki, na kwamba shule nayo ina hesabu yake inayoanzia usiku wa manane.

Kuziunganisha hesabu hizo mbili si kazi kubwa. Tofauti yake ni saa sita, na uso wa saa una namba kumi na mbili. Kwa hiyo namba ya Kiswahili siku zote ni ile inayokabiliana na ncha ya mshale mfupi kutoka upande wa pili: saba inatazamana na moja, tisa inatazamana na tatu, kumi na mbili inatazamana na sita. Mshale mrefu wa dakika haubadiliki katika hesabu zote mbili. Mtoto anayejua kanuni hiyo moja hatababaishwa tena na mwalimu wala na mama.

Tukitafuta namna ya kufundisha, mfano bora uko kwa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Burayda (R.A.), kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume kumuuliza nyakati za swala. Mtume hakumtolea hotuba ndefu. Alimtaka aswali pamoja nao siku mbili. Siku ya kwanza kila swala ikaswaliwa mapema ulipoingia wakati wake, na siku ya pili ikacheleweshwa, kisha akaelezwa kuwa wakati uko baina ya alivyoviona. Huo ni ufundishaji wa kuonyesha kwa vitendo, na akili ya mtoto huuelewa kuliko maneno matupu.

Basi tuanze kwa vitendo. Mtoto wa miaka minne au mitano asianzishwe na namba. Aanze na mpangilio wa siku: Alfajiri tunaamka, Adhuhuri jua limeshapinduka, Alasiri kivuli kimerefuka, Magharibi jua limezama, Isha wekundu wa mawingu umetoweka. Akishauzoea mpangilio huo, akatiwe duara la karatasi ngumu ya boksi, aandikwe namba kumi na mbili, na katikati uchomekwe mshale mmoja tu, ule mfupi. Wazee wetu waliuita akrabu. Ausogeze kwa mkono wake mwenyewe, aseme ni saa ngapi, na aseme watu wa nyumbani hufanya nini wakati huo.

Mshale mrefu uongezwe baadaye, mtoto atakapoweza kuhesabu kwa tanotano mpaka sitini. Hapo ndipo ataelewa nusu, robo na kasorobo. Liko kosa moja ambalo karibu kila mtoto hulifanya. Inapokuwa saa moja na nusu, mshale mfupi unakuwa katikati ya saba na nane, naye husema ni saa mbili. Asikaripiwe. Aelezwe kwamba mshale huo ni msafiri. Ameshaondoka kituo cha nyuma lakini hajafika cha mbele, na mpaka afike, saa hubaki ile aliyoiacha. Mtoto aliyepanda basi la kwenda Arusha au Singida analielewa jambo hilo mara moja.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili katika ukurasa wa dini? Kwa sababu Allah (S.W.) ametufahamisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, kwamba swala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake maalumu. Na Ibn Mas'ud (R.A.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) ni amali ipi inayopendeza zaidi kwa Allah, jibu la kwanza alilopewa ni swala inayoswaliwa kwa wakati wake. Tumeamrishwa pia tuwahimize watoto wetu kuswali wanapofika miaka saba. Huo ndio umri ambao mtoto wa kawaida ana uwezo wa kusoma saa. Utamwamrishaje kuilinda swala ambayo hajui wakati wake umeingia lini na unatoka lini?

Hata hivyo, tunataka tahadhari moja izingatiwe. Saa ni msaidizi tu. Alama za swala ziko mbinguni. Allah (S.W.) hakuifungamanisha Adhuhuri na namba, bali na kupinduka kwa jua. Wakazi wa Sigino wanaweza kulithibitisha hili uwanjani mwao. Simika kijiti wima mahali tambarare, mtoto aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya muda mfupi. Kivuli kitafupika, kitafikia ufupi wake wa mwisho, kisha kitaanza kurefuka upande wa mashariki. Hapo jua limepinduka. Mtoto akitazama saa wakati huo atagundua kuwa si saa sita kamili. Huku Babati, mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka yapata saa 6:20 mchana, na katikati ya Februari hukaribia saa 6:50. Tofauti ya nusu saa nzima, na mishale ya saa haikukosea hata dakika moja.

Sababu yake ni kwamba saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nao mstari huo unapita mbali, upande wa mashariki ya pwani yetu. Babati iko karibu nyuzi 36, na kila nyuzi moja kuelekea magharibi hulichelewesha jua kwa dakika nne. Dar es Salaam iko nyuzi 39 na zaidi, kwa hiyo jua la huko hututangulia.

Hapa pana jambo zito. Katika mwezi wa Ramadhani zipo familia za Babati zinazosubiri adhana ya Magharibi kutoka redio au televisheni ya Dar es Salaam. Jua la Dar es Salaam huzama kabla ya la Babati kwa muda usiopungua takriban dakika kumi katika Desemba, na unaokaribia dakika ishirini katika Juni. Anayefungua kwa adhana hiyo amekula tende hali jua la Sigino bado liko juu ya upeo wa macho. Wanazuoni wengi wanasema kuwa aliyekula akidhani jua limezama, kisha ikabainika kuwa halijazama, atailipa funga hiyo. Fikiria nyumba nzima, baba, mama na watoto wanaojifunza kufunga, wameshinda na njaa na kiu kutwa, kisha wanaipoteza funga yao kwa dakika kumi na tano. Mtoto aliyefundishwa saa pamoja na alama za jua angeweza kusimama mlangoni na kusema, "Baba, jua bado." Baba mwenye hekima angeurudisha mkono wake.

Elimu ya wakati si ngeni kwa Waislamu. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na mtaalamu wa nyakati, aliyeitwa muwaqqit. Mmoja wao, Ibn al-Shatir wa Damascus, alitengeneza mwaka 1371 saa kubwa ya jua kwa ajili ya mnara wa Msikiti wa Umawiyya. Kabla yake, mwaka 1206, al-Jazari alikamilisha kitabu kilichoeleza mitambo mingi, zikiwemo saa za maji. Maneno yetu yenyewe, saa, dakika, robo na nusu, yametokana na Kiarabu. Itakuwa aibu warithi wa elimu hiyo wakashindwa kusoma saa ya ukutani.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, kila mzazi atenge muda mfupi baada ya Magharibi, hata dakika kumi, amfundishe mtoto wake saa. Simu zimejaa majumbani, lakini namba za simu hazimwonyeshi mtoto muda uliopita na uliobaki kama mishale inavyomwonyesha. Pili, walimu wa madrasa watumie ubao wa nyakati za jamaa. Katika misikiti mingi ubao huo una nyuso za saa zenye mishale ya kusogezwa, moja kwa kila swala. Mtoto apewe kazi ya kuisogeza chini ya uangalizi wa mwalimu. Heshima hiyo itamfundisha kuliko kiboko. Tatu, kamati za misikiti za Babati na miji mingine ya bara zihakikishe kuwa ratiba za swala na futari zinazobandikwa zimekokotolewa kwa mahali husika, si kunakiliwa kutoka pwani.

Liko na la nne, nalo linatuhusu sisi watu wazima. Tunaalika akdi saa nane, tunaifunga saa tisa na nusu. Tunatangaza kikao cha msikiti baada ya Alasiri, wajumbe wanafika Magharibi ikibisha hodi. Mtoto anayetutazama hujifunza kwamba saa ni pambo la ukutani. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa watu wengi hupata hasara katika neema mbili, afya na wasaa. Mtoto hawezi kuithamini neema ambayo wazazi wake wanaichezea mbele yake.

Allah (S.W.) ameapa kwa zama katika Suratul-Asr, akatufahamisha kuwa mwanadamu yumo hasarani isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira. Kumfundisha mtoto kuhesabu umri wake, saa moja baada ya nyingine, ni katika kuusiana huko.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa wanaozilinda swala zao kwa nyakati zake, na azipokee funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.