Kabla ya sukari ya Kiliba, udongo wa Kiliba

Ukitoka Uvira mjini kuelekea Sange kwa barabara ya taifa namba 5, unapita Kiliba. Wengi wa waliohamia huko walifuata miwa. Kiwanda cha sukari, Sucki, kilianza miaka ya 1950, na kandokando yake zikakaliwa kambi za wafanyakazi.

Anayeshangaa namna gani watu wengi hivyo walitegemea kiwanda kimoja hajui kazi ya miwa. Muwa ukisha kukatwa haungoji: usiposagwa ndani ya siku moja au mbili, sukari yake inaanza kupotea. Kwa hiyo mkataji, dereva na fundi wa mashine hawawezi kuishi mbali. Hata moto wa viwanda vya namna hii unatoka kwa makapi ya miwa yenyewe. Mashine zikinyamaza, shamba lote ni majani tu, na aliyekuja kulikata hana tena kazi mahali pale.

Zilinyamaza 1996. Wakati ule bonde la Ruzizi lilijaa wakimbizi wa Burundi, wengine hapo hapo Kiliba. Mwezi wa kumi vita vya AFDL vikafika, Uvira ikaanguka. Kwa miaka mingi baadaye habari za kufufua kiwanda zilikuja na kupotea, na mama wa Uvira aliweka katika chai sukari iliyovuka mpaka. Jambo la aibu kwa bonde kama letu!

Mimi sikatai mwekezaji. Aje hata kesho. Lakini Serikali iseme kwanza nyumba zile za kambi, na mashamba yale, ni ya nani. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka ule wa vita leo ni mzazi. Sheria ya udongo ya 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali, na kwamba haki za jamii za vijijini zitapangwa kwa agizo la Rais. Miongo ikapita bila agizo. Katika hali hiyo, mwenye karatasi anamshinda mwenye jembe, hata kama karatasi ililala kabatini tangu Mobutu.

Basi watu wa kadasta washuke wapime, nyumba kwa nyumba, wazee wa kambi wakiwapo. Na orodha ibandikwe Kiliba kwenyewe, si Bukavu wala Kinshasa, kabla mkataba wowote haujatiwa sahihi.