Kompyuta Inayojipunguzia Kasi: Joto Lipimwe Kabla ya Fedha Kutumika

Mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kiliunganishwa na gridi ya umeme ya Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na hivyo kisiwa kikaacha kutegemea jenereta za dizeli za Wesha. Umeme huo ndio unaoendesha kompyuta tuzionazo leo Chake Chake, Wete na Mkoani, zikiwemo kompyuta za michezo, ambazo vijana huzitumia pia kuhariri picha za harusi na kuchora ramani za nyumba. Mashine hizi zimezusha lalamiko moja linalostahili kujadiliwa. Mtu hununua prosesa mpya yenye nguvu zaidi, huipachika mahali pa ile ya zamani, na baada ya dakika chache za mchezo kompyuta huwa nzito kuliko ilivyokuwa hapo kwanza. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo kwamba prosesa ni mbovu, na fedha nyingine hutafutwa.

Maoni yetu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Mara nyingi prosesa ni nzima, nayo inajilinda.

Prosesa ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi mno. Kila transista inapofunga na kufungua hutumia umeme kidogo, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300, nayo ilitosheka na wati isiyozidi moja hivi. Core i9-13900K ya mwaka 2022 imeruhusiwa na watengenezaji wake kufikia wati 253, na joto hilo lote hutoka katika eneo dogo kuliko stempu ya posta. Joto likifika kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za kompyuta za mezani ni baina ya nyuzi 90 na 100 za Sentigredi, prosesa hupunguza mapigo na volti zake yenyewe. Hapo husalimika, lakini kazi huzorota.

Sasa tuzingatie hali ya hewa yetu. Kipozeo cha feni hakiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba. Kwa mzigo uleule na feni ileile, tofauti baina ya joto la prosesa na joto la hewa hubaki karibu ileile. Tuseme tofauti hiyo ni nyuzi 65. Katika chumba cha London chenye nyuzi 20, prosesa itakuwa na nyuzi 85, nayo itafanya kazi bila shida. Katika chumba cha Chake Chake chenye nyuzi 32 wakati wa kaskazi, itafikia nyuzi 97. Hakuna kilichoharibika hapo. Ni hesabu ya kujumlisha tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima. Zipo programu za bure zinazoonyesha joto, mapigo na wati kwa wakati mmoja, na mwendo wa joto hutaja penye kasoro. Joto likiruka hadi kikomo katika sekunde chache za mzigo, kasoro huwa baina ya prosesa na kipozeo: karatasi ya plastiki haikubanduliwa, parafujo hazikukazwa sawasawa, au mafuta mazito ya kupitishia joto yamekauka. Hewa iliyonaswa katika nafasi hiyo, hata ikiwa nyembamba kama unywele, huzuia joto vibaya. Joto likipanda polepole kwa dakika kumi au ishirini, tazama hewa ya ndani ya kasha. Ondoa ubavu wa kasha kwa muda. Joto likishuka sana, feni hazitoshi, zimeelekezwa vibaya, au vumbi limeziba njia. Mapigo yakipungua ilhali prosesa ingali mbali na kikomo chake, usilaumu joto la prosesa. Chunguza kiwango cha wati kilichowekwa na sehemu za ubao zinazoipa prosesa umeme.

Zaidi ya hayo, kipozeo kilichoundwa kwa prosesa ya wati 65 hakiwezi kubeba prosesa ya wati 125 au zaidi, hata kama kinaingia mahali pake bila taabu.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga madirisha na kuweka kiyoyozi. Hatukubaliani nao. Kompyuta inayotumia wati 500 hutoa joto la wati 500 chumbani, karibu nusu ya pasi ya umeme. Mwenye chumba atalipia umeme wa kulitengeneza joto hilo, kisha alipie umeme wa kulitoa. Ni nafuu kupunguza kiwango cha wati cha prosesa. Kwa kuwa matumizi ya umeme hufuata kipeo cha pili cha volti pamoja na mapigo, kupunguza wati kwa robo aghalabu huondoa sehemu ndogo tu ya kasi. Mpemba hahitaji kufundishwa msingi wa jambo hili. Anajua kwamba karafuu mbichi zikirundikwa guniani huchacha kwa joto lao wenyewe, ndiyo maana huzianika na kuzigeuza ili hewa ipite.

Hasara ya kutopima si ya mchezaji peke yake. Shule na ofisi zetu hununua kompyuta kwa kutazama mapigo na bei, na mashine iliyopimwa katika chumba cha nyuzi 20 huletwa kufanya kazi penye nyuzi 32, unyevu na chumvi ya bahari. Tunapendekeza kila hati ya ununuzi itaje joto la chumba ambamo mashine itatumika, na muuzaji aionyeshe ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa nusu saa katika joto hilo kabla ya kulipwa. Tunapendekeza vilevile kwamba vyuo vya ufundi, kikiwemo Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, viwazoeze mafundi kuandika vipimo vya joto kabla na baada ya kila matengenezo. Fundi akimkabidhi mteja karatasi yenye vipimo hivyo, mteja ataweza kuamua mwenyewe kama anahitaji prosesa nyingine, au anahitaji feni na kitambaa cha kufutia vumbi.