Sikuwa mvivu, ni herufi zilizokuwa zikinichenga

Kama uliwahi kukaa darasani mkisoma kwa zamu, kila mtu aya moja, huenda unaijua hesabu niliyokuwa nikipiga. Unahesabu vichwa kutoka mbele hadi kwako, unahesabu aya, unaipata yako, kisha unaanza kuikariri kimoyomoyo kabla zamu haijafika. Nilifanya hivyo tangu darasa la tatu. Mambo yalikuwa sawa hadi siku mwalimu alipomruka mtu mmoja. Nikasimama na aya ambayo sikuwa nimeikariri, watoto zaidi ya sitini wakinisubiri, na herufi zikawa kama omena kwenye karai, zote zinafanana na zote zinateleza. Mwalimu akasema, "Ofuwo." Kwa wasiojua Dholuo, maana yake ni mjinga. Jina hilo nilitoka nalo shule ya msingi.

Hii kitu ina jina lake, na nililijua nikiwa na miaka 21, chuo nishaacha. Inaitwa disleksia. Si macho mabovu na si akili fupi. Ubongo unapata kazi ngumu kuunganisha sauti ya neno na herufi zake, kwa hivyo kile mwenzako anasoma kwa dakika tano wewe kinakula nusu saa, na ukimaliza umechoka kama mtu aliyetoka kubeba magunia Kibuye. Mara nyingi inatembea katika familia. Buda yangu kila akipewa barua alikuwa akisema amesahau miwani. Hiyo miwani mimi sijawahi kuiona.

Chuoni shida yangu haikuwa kuelewa. Mhadhara nilikuwa naushika wote kichwani, hata wasee wa darasa walikuwa wananiuliza niwaelezee jioni. Kilichonimaliza ni ripoti za kurasa kumi na mitihani ya saa mbili. Muhula wa tatu sikurudi. Nyumbani nilisema ni karo. Ilikuwa rahisi, kwa sababu hapa Kisumu ukisema karo, nani atakuuliza swali la pili?

Sasa mtaniuliza mtu kama huyo anaandikaje makala. Nasema kwanza. Google waliongeza Kiswahili kwenye huduma yao ya kuandika kwa sauti mwaka wa 2017, basi mimi hubonyeza maikrofoni ya simu na kupiga stori. Halafu naiambia simu inisomee nilichosema, nasahihisha, inasoma tena. Makala kama hii inanichukua siku mbili. Namba ndizo bado zinanitesa. Kwa M-Pesa lazima nisubiri jina la mpokeaji litokee ndio nibonyeze, maana 69 na 96 kwangu ni mapacha.

Lakini nikisikia mtu akisema eti "nimeishinda", huwa sielewi ameshinda nini. Haitoki. Unajifunza kuizunguka tu. Na hapo ndipo ninapotofautiana na watu wa kutia moyo mitandaoni, wale wa kutuambia Richard Branson ana disleksia, aliacha shule akiwa na miaka 16, na sasa ni bilionea. Sawa, hongera kwake. Mtoto wa Nyalenda akiacha shule na miaka 16 hakuna anayemngoja na mtaji. Usimwambie ana kipawa cha siri. Mwambie ana shida gani, na nani anaweza kumsaidia.

Kuna faraja nyingine siipendi: "Kama kusoma kumemshinda, mpeleke jua kali." Kwani fundi hasomi? Nenda pale Kamas uone. Kuna vipimo, kuna stakabadhi, kuna mteja anayetuma oda kwa WhatsApp. Ufundi ni kazi ya heshima, si jalala la kutupia watoto ambao hatukutaka kuwaelewa.

Kinachoniuma ni kwamba msaada uko na sisi hatukuambiwa. Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vile walimu huita EARC, na Kisumu tunacho. Kuna sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, na matatizo ya kujifunza yametajwa humo. Baraza la mitihani, KNEC, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum muda wa ziada, mradi shule iwataje mapema. Angalia hapo: shule iwataje. Kama mwalimu anaamini wewe ni ofuwo, atakutaja kama nani? Siwalaumu walimu wote. Ukiwa na daftari sitini za kusahihisha, mtoto anayeandika "dada" badala ya "baba" unampa mkasi mwekundu na kusonga mbele. Ila kiboko kilipigwa marufuku na bado mimi nilikionja kwa sababu ya tahajia.

Na hapa kwetu kuna mtego wa ziada. Mtoto anaongea Dholuo nyumbani, Kiswahili mtaani, Kiingereza shuleni. Akichelewa kusoma, kila mtu ana kisingizio tayari: ni lugha inamchanganya, atazoea. Dholuo na Kiswahili vinaandikwa karibu vile vinavyotamkwa, kwa hivyo huko mtoto wa disleksia anaweza kusoma sawasawa ila polepole sana, na upole wake tunauita uzembe. Akifika kwa Kiingereza, ambapo "though", "through" na "tough" zinafanana kwa macho na hazifanani kwa mdomo, anazama mzima. Ukitaka kumjua mapema usihesabu makosa tu. Angalia anachukua muda gani, na kama anajibu vizuri ukimsomea swali.

Nayasema haya kwa sababu mtoto wa waya wangu ana miaka 11 na juzi nilimwona akihesabu vichwa. Ilikuwa kanisani, watoto wakisoma mistari kwa zamu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikajua.

Waya huuza omena, na alikuwa ameshaamua mtoto arudie gredi, na isipofaa aje amsaidie Dunga. Nikamwambia kurudia ni kumpa mtihani uleule na kalamu ileile. Akanitazama. "Wuoda, huyu ni mvivu. Mpira anacheza, kusoma hataki." Nikamwambia anisomee mimi risiti yangu ya kwanza ya kazi, ile niliyokosea jina langu mwenyewe. Hakucheka.

Tangu siku hiyo jioni nakaa na kijana ufukweni. Hatutumii kitabu. Anachora herufi kwenye mchanga kwa kidole huku akitaja sauti yake, b kwanza wiki nzima, kisha d, halafu silabi, ba, da, bada, daba. Hii njia si uvumbuzi wangu, walimu wa disleksia wanaitumia kwingi, wengine hata na trei za mchanga. Sisi trei yetu ni Ziwa Victoria. Akikosea, anafuta kwa kiganja na hakuna wino mwekundu. Mimi si mwalimu, na siwezi kumpa ile ripoti ambayo shule itaikubali. Ndio maana tunaenda EARC.

Ni Jumanne. Nimewaambia wabebe daftari zake zote, hasa zile mbaya. Waya ameuliza kama mtoto avae unifomu, na kama watamwuliza yeye pia asome kitu. Nimemwambia hapana, hawatamwuliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema afadhali, maana miwani yake imepotea.