"Kila" Maana Yake ni Kila: Rai Kuhusu Vitanzi vya JavaScript

Aghalabu wanagenzi wa uandishi wa programu za tarakilishi hufunzwa jinsi ya kuanzisha kitanzi, wasifunzwe jinsi ya kukikomesha. Katika lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, upungufu huu huzaa makosa ambayo mwandishi huenda asiyatambue mapema.

Tuchukue mfano wa ugavi wa vyumba vya bweni. Programu ina safu ya vyumba 500, na mwanafunzi mmoja anatafutiwa chumba cha kwanza kilicho wazi. Mwanagenzi hutumia amri ya forEach. Chumba cha 3 kikionekana ki wazi, hukiandika jina la mwanafunzi, kisha huweka neno return akidhani msako umekwisha. La hasha! Neno hilo hukatiza hatua ya chumba hicho pekee. Safari huendelea hadi chumba cha 500, na kila kilicho wazi huandikwa jina la mwanafunzi yuyo huyo. Akijaribu break, programu hukataa hata kuanza, kwani neno hilo haliruhusiwi mahali hapo.

Wapo wanaoshauri kwamba kosa lizushwe makusudi, kwa neno throw, ili kazi ikatike. Kwangu mimi, hiyo ni sawa na kupiga ukemi wa moto ili mkutano ufungwe. Wengine hushikilia kuwa tarakilishi za leo zina kasi, hivyo kupitia safu nzima si hoja. Nawapinga. Kasi haimwondolei mwanafunzi wa pili adha ya kukosa pa kulala.

Hata hivyo, lawama si ya forEach. Jina lake ni ahadi: "kwa kila". Asemaye "kila" hana ruhusa ya kuachia njiani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulitambua hili, kwa kuwa sarufi yetu hutofautisha "kila chumba", "vyumba vyote" na "chumba chochote". JavaScript nayo ina tofauti zake. Amri ya find hutafuta cha kwanza kinachofaa, ikakipata ikakoma. Some huuliza iwapo kipo chochote kinachofaa, na hukoma ikutanapo na "ndiyo" ya kwanza. Every huuliza iwapo vyote vinafaa, na hukoma kwenye "la" ya kwanza. Penye shughuli nyingi zaidi, kitanzi cha for...of, kilichoingizwa katika lugha hiyo mwaka 2015, hukubali break bila kinyongo.

Napendekeza, basi, kwamba kabla ya mwanagenzi kuandika mstari wowote, mwalimu wake amwulize kwa Kiswahili sanifu: "Je, unavitaka vyote, au kimoja chatosha?" Akilijibu swali hilo barabara, amri ifaayo itajichagua yenyewe.