INI GONJWA SI NGAO

Yako maradhi yapigayo hodi kabla ya kuingia, na yako yaingiayo kimya kimya kama mwizi wa usiku. Homa ya ini iletwayo na virusi ni ya namna hii ya pili. Mtu aweza kukaa nayo miaka ishirini, akipalilia migomba yake Muleba au akifungua duka lake Bukoba mjini, asione dalili hata moja. Leo twapenda kuitazama homa hiyo pamoja na saratani ya utumbo mpana, kwa maana magonjwa haya mawili hukutana mahali pamoja, napo ni katika ini.

Damu itokayo matumboni haiendi moja kwa moja moyoni. Hupita kwanza katika ini kwa mshipa mkubwa, ili ichujwe. Kwa hiyo saratani ya utumbo mpana inapoanza kutawanya mbegu zake, mara nyingi ini ndilo shamba la kwanza kupandwa. Wengi wanaokufa kwa saratani hiyo huuawa na matawi yake, si na shina.

Mwaka 2011 waganga wa China walitoa habari ya kustaajabisha. Miongoni mwa wagonjwa wao wa saratani ya utumbo mpana, wale waliokuwa na virusi vya homa ya ini ya aina B walionekana kupatwa na saratani ya kusambaa ini kwa uchache kuliko wenzao. Wako waliodhani kwamba askari wa mwili, wakiwa macho daima kupigana na virusi, huziua na mbegu za saratani. Wengine walidhani kwamba ini lililokakamaa huzinyima mbegu hizo nafasi. Lakini baadaye waganga wengine, huko huko China, walihesabu wagonjwa wao maelfu wakaona kinyume chake: wenye virusi ndio waliozidi kusambaa. Shauri hilo bado halijakatwa.

Sisi twasema wazi: asiwepo mtu wa kujifariji kwa habari hiyo. Mwenye kuchoma nyumba yake ili panya wasipate pa kulala hakujilinda. Tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka virusi vya homa ya ini B na C katika orodha ya mambo yaletayo saratani kwa binadamu, yaani saratani ya ini lenyewe. Tena, mgonjwa wa utumbo anapopewa dawa kali za saratani, virusi vya B vilivyokuwa vimelala vyaweza kuamka na kuliharibu ini kwa ghafula. Na daktari wa upasuaji atalikataje tawi la saratani katika ini, ikiwa sehemu itakayobaki nayo ni gonjwa? Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo yafaa apimwe homa ya ini kabla hajaanza dawa.

Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa na mgeni juu ya ugonjwa ujifichao katika damu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa nchini walionekana katika mkoa huu mwaka 1983, na makaburi yaliyofuata twayajua. Homa ya ini ya B hupita njia zile zile: damu, kujamiiana, wembe na sindano za kushirikiana, na mama kumwambukiza mtoto anapozaliwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara tisa katika kumi hubaki nayo maishani.

Lakini tofauti iko, nayo ni kubwa: homa hii ina chanjo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002. Basi wengi waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wazazi, wavuvi na walimu wetu, hawakuipata utotoni. Hao na wapimwe. Asiye na virusi achanjwe, aliye navyo aangaliwe na mganga. Dawa za kuvituliza virusi vya B zipo, na homa ya C hupona kwa vidonge vya miezi michache.

Twawaomba wenye madaraka wakumbuke kwamba Muleba si nchi kavu peke yake. Mvuvi wa Goziba au Bumbire hawezi kuacha mtumbwi wake siku nzima kutafuta kipimo Rubya, Kagondo au Ndolage. Kipimo na chanjo vimfuate mwaloni. Na kila mama mjamzito apimwe, Bukoba na Muleba pia.

Kwa wananchi tuna neno moja. Aonaye damu katika choo, au tumbo lililobadili desturi yake kwa majuma kadhaa, asiseme ni bawasiri tu, wala asingoje mpaka macho yawe ya manjano. Aende hospitali mapema, utumbo uchunguzwe na ini lipimwe. Saratani ya utumbo ikikutwa ingali shinani, yakatika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.