Rangi mbili za kununua moja moja

Msikilizaji, katika maduka mengi ya dawa vijijini kwetu bado unauziwa vidonge viwili vitatu vya rangi mbili bila cheti cha daktari. Homa ikishuka, kilichobaki anawekewa mtoto.

Dawa huua kwanza bakteria walio dhaifu. Wanaoistahimili hubaki, huzaana, na huweza kuwapa bakteria wengine uwezo huo. Wataalamu wanauita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA. Wengi husema mwili umezoea dawa. Hapana, vimelea ndio waliozoea, na jirani asiyewahi kumeza kidonge anaweza kuambukizwa hao hao sugu. OTC ya kuku inayotiwa kwenye maji “kwa kinga” nayo inachangia.

Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Sisi hatumlaumu anayenunua viwili. Nauli ya bodaboda kwenda zahanati huzidi bei ya dozi nzima. Maduka yakibanwa kabla vipimo na dawa havijafika zahanati, mwenye homa usiku ataenda wapi?