Kitabu cha Kuogopesha Si Kitabu cha Ulozi



Kila mwaka wa masomo, tunapowasomesha wanafunzi wa mwisho wa sekondari hadisi za Edgar Poe na za Maupassant, ao kile kitabu cha Mary Shelley kinachoitwa Frankenstein, tunasikia majibu ya namna tatu. Mzazi anatuuliza: "Profesa, ni juu ya nini munafundisha watoto wetu ulozi?" Mwenzetu mwenye diploma anatutetea, lakini anatutetea vibaya: "Baba, wacha, ile ni fasihi ya Ulaya, haiko sawa na hadisi za kijijini." Na mwanafunzi mwenyewe, aliyezoea filamu, anapiga miayo: "Profesa, hii haiogopeshi hata."

Tumechoka kunyamaza. Tunashika kalamu kusudi tuwajibu wote watatu, na tunasema wazi tangu mwanzo: anayekataza vitabu hivi kwa jina la kupinga ulozi anamnyima mtoto silaha moja nzuri ya kujikinga na wale watakaomwita mlozi.

Tuanze na mzazi, kwa sababu yeye ndiye mwenye woga wa kweli. Tunamheshimu. Tunakubali pia kwamba mtoto wa miaka minane hana haja ya kusomewa Dracula mbele ya kulala. Kila chakula na umri wake. Lakini mzazi asifikiri kwamba kilio chake ni kipya, ao kwamba kinatoka katika mila zetu. Mwaka 1796, kule Uingereza, kijana Matthew Lewis alitoa kitabu The Monk, hadisi ya mtawa anayejiuza kwa shetani. Watu walikisoma mbio mbio, na watu wakapiga kelele kwamba kinaharibu vijana na kudharau Biblia. Kelele zilikuwa mingi hata mwandishi akakata vipande katika chapa ya 1798. Leo kelele zile zimesahauliwa, na kitabu kingali kinasomwa.

Sasa tufungue Frankenstein, kitabu cha 1818. Wengi wanaokilaani hawajakisoma, na tunawajua kwa alama moja: wanafikiri Frankenstein ni jina la zimwi. Hapana. Frankenstein ni jina la mwanafunzi wa sayansi, Victor, aliyeunda kiumbe kwa vipande vya maiti na kwa masomo ya chuo kikuu, kisha akakikimbia usiku ule ule. Kiumbe chenyewe hakikupewa jina hata moja. Ni mtoto aliyetupwa na baba yake siku ya kuzaliwa. Anajificha karibu na nyumba ya familia moja maskini, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza, anawakatia kuni kwa siri. Mzee kipofu wa nyumba ile anampokea vizuri, kwa sababu anasikia sauti yake tu. Lakini watoto wa mzee wanaporudi na kuona sura yake, kijana mwanaume anamrukia na kumpiga fimbo. Ni nyuma ya kufukuzwa ndipo anaanza kuua. Zimwi halikuzaliwa na ubaya, lilifundishwa ubaya kwa fimbo.

Tena kuko Justine. Msomaji asipokumbuka jina lingine la kitabu hiki, akumbuke hili. Justine ni mtumishi wa nyumba. Mtoto mdogo wa familia, William, ameuawa, na katika mfuko wa Justine wanakuta kapicha kadogo ambako mtoto alikuwa amevaa shingoni. Zimwi ndilo lililoweka kapicha kale pale. Justine hana kosa. Lakini muungamishi wake anamfuata katika gereza, anamtisha kwa kutengwa na kanisa na kwa moto wa milele, mpaka msichana anakaribia kuamini kwamba kweli yeye ndiye zimwi. Anakiri kosa ambalo hakulifanya. Wananyonga mtu asiye na hatia, na wenye kumnyonga wanarudi nyumbani na roho ya utulivu, kwa kuwa "amekubali mwenyewe".

Ndugu msomaji, maneno haya umeyasikia wapi? "Amekubali mwenyewe." Sisi tumeyasikia hapa kwetu, na hayakusemwa juu ya Justine. Yalisemwa juu ya mtoto aliyefiwa na mama na kupelekwa kwa mjomba, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mwenye kifafa, mtoto mwenye akili sana ao asiye na akili hata kidogo. Mashirika ya haki za mtoto yameandika mara mingi yale yanayofanyika katika vyumba fulani vya maombi: mtoto anafungiwa, ananyimwa chakula, anapigwa, mpaka aseme kwamba usiku anaruka na kula watu. Hatusemi makanisa yote. Tunasema kwamba pale panapofanyika, njia ni ile ile aliyoiandika msichana wa Kiingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita: tisha, rudia, tisha tena, kisha pokea ungamo na uite ungamo lile ushahidi.

Sheria yetu haiko kimya. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, imekataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto imeweka adhabu ya kifungo. Lakini sheria inalala ndani ya karatasi kama hakuna mtu mwenye macho ya kuona lile inalokataza. Macho yale yanafundishwa. Mwanafunzi aliyemlilia Justine darasani, siku atakaposikia kwamba jirani wa miaka tisa "amekubali mwenyewe", atauliza: alikubali mbele ya nani? Nyuma ya siku ngapi bila kula? Hiyo ndiyo faida ya kitabu cha kuogopesha. Mzazi, ni kitabu kile unachotaka tuchome?

Na kwa kuwa tumetaja moto, tumtaje pia Maupassant. Katika Le Horla, chapa ya 1887, mtu mmoja wa Normandie anaandika kila siku katika daftari lake. Usiku maji ya mezani yananywewa, na hajui nani anayekunywa. Pole pole anaamini kwamba kuna adui asiyeonekana ndani ya nyumba. Mwisho wake anatega: anamfungia adui katika chumba chenye mlango wa chuma na kuwasha nyumba yote. Moto ukiisha kupanda, anasikia vilio. Alisahau watumishi wake waliolala juu. Wanakufa wote, na yeye bado hana hakika kama adui amekufa. Tunawauliza wanaowinda walozi usiku kwa petroli na mapanga: katika hadisi hii, mwenye kuua watu alikuwa nani? Asiyeonekana, ao aliyeshika kiberiti?

Sasa tumgeukie mwenzetu mwenye diploma, yule anayesema kwamba mizimu ya Ulaya ni fasihi lakini ya kwetu ni ujinga. Kwake tutakuwa wakali zaidi, kwa sababu yeye alisoma.

Mwaka 1764 bwana mkubwa wa Uingereza, Horace Walpole, alitoa The Castle of Otranto, kitabu ambacho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa hadisi zinazoitwa za kigotiki. Ndani yake kofia kubwa ya chuma inaanguka kutoka juu na kumponda bwana arusi. Walpole alidanganya: alisema ni tafsiri ya maandiko ya zamani ya Italia. Gazeti moja la wahakiki, Monthly Review, likakisifu. Mwaka uliofuata akakiri kwamba ameandika yeye mwenyewe, na gazeti lile lile likageuka na kukilaumu. Kofia ilikuwa ile ile. Neno hata moja la hadisi halikubadilika. Kilichobadilika ni pasipoti yake.

Mwenzetu, nawe unafanya vile vile. Unauliza hadisi pasipoti mbele ya kuisikiliza. Ikitoka London unavaa miwani. Ikitoka Walikale unaziba masikio.

Basi sikiliza ya Walikale. Mwaka 1956, mzee She-Karisi Rureke, mtu wa Wanyanga, alihadisia kwa siku mingi utenzi wa Mwindo. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, yeye mwenyewe mwana wa Wanyanga, waliuandika na kuutoa kama kitabu mwaka 1969, kule California. Hadisi ni hii: mfalme Shemwindo anataka wake zake wazae wasichana tu. Anazaliwa mtoto mwanaume, na siku ile ile ya kuzaliwa anatembea na kusema. Baba anamtupia mikuki. Inashindikana. Baba anaamuru azikwe akiwa mzima. Mtoto anatoka kaburini. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaimba ndani ya ngoma, na maji yanampeleka kwa shangazi yake Iyangura. Kisha anamfuata baba mpaka chini ya ardhi, kwa Muisa, katika inchi ya wafu, na anamrudisha nyumbani akiwa hai. Hamuui. Wanapatana, na ufalme unagawanyika kati yao.

Mtoto aliyezikwa mzima, ngoma inayoimba juu ya maji, safari kwa wafu: Poe mwenyewe, aliyeandika mara mingi juu ya watu kuzikwa wakiwa wazima, angesogeza kiti karibu. Lakini tuangalie jambo kubwa zaidi. Mtoto anayesema siku ya kuzaliwa, leo katika mitaa yetu angeitwa nani? Jibu tunalijua sote. Wazee waliokaa karibu na moto walimwita shujaa. Katika hadisi yao mwenye kosa ni baba, na baba ndiye anayeomba msamaha. Wanaosema kwamba kumshitaki mtoto ulozi ni "mila zetu" wamesahau mila zetu. Na sisi wenye diploma tuliwaacha waseme, kwa sababu tulikuwa na haya ya hadisi za moto.

Katika Frankenstein, Victor anajua kwamba Justine hana kosa. Ananyamaza, kwa kuwa anaogopa watu watamwita kichaa. Ndugu wenye masomo, Victor ni sisi.

Kwa mwanafunzi anayepiga miayo hatuna hasira. Filamu inamshitua kwa kelele, na kelele zikiisha woga nao umekwisha. Poe hapigi kelele. Katika ile hadisi ya moyo unaodunda chini ya mbao za sakafu, iliyotoka mwaka 1843 na ambayo tunaisoma katika Kifaransa cha Baudelaire, muuaji mwenyewe anatueleza kwa upole kwamba yeye haiko kichaa. Kuogopa kunakuja pole pole, pale unapojikuta umekaa ndani ya kichwa chake. Soma kwa sauti, usiku, taa moja, wenzako kimya. Ndivyo mababu walivyofanya, na wengi wao walikataza kabisa kuhadisia mchana. Walijua kazi yao.

Na ukiona hadisi haikutoshi, usiitupe: andika yako. Aprili 1815 volkano ya Tambora, kule Indonesia, ililipuka, na mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi cha kweli. Sisi wa Kivu, tulioona Nyiragongo ikimwaga moto juu ya Goma Januari 2002 na tena Mei 2021, hatuhitaji kuelezwa mlima unaweza nini. Kwa ajili ya mvua ile, vijana fulani walijifungia katika nyumba karibu na Geneva, na wakasoma mkusanyo wa hadisi za mizimu za Ujerumani uliotafsiriwa katika Kifaransa, Fantasmagoriana, wa mwaka 1812. Mwenzao Byron akasema: kila mmoja aandike ya kwake. Hapo ndipo alipoanza Mary Shelley, naye alikuwa na miaka 18, umri wa wanafunzi wetu wa mwisho. Mkusanyo ule wachache wanaukumbuka leo. Jibu la msomaji wake linajulikana dunia nzima.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mzazi ao mchungaji anayetaka kitabu kitolewe darasani, akisome kwanza mpaka ukurasa wa mwisho, kisha aje tuongee. Mlango uko wazi. Mwalimu asiishie kuuliza "nani mwandishi, mwaka gani". Aulize pia nani alishitakiwa, kwa ushahidi gani, nani aliyejua na kunyamaza. Na chama chetu, kinachochapa kurasa hizi, kianze kukusanya hadisi za kuogopesha za inchi hii, katika lugha za mama na katika Kiswahili, na jina la aliyehadisia, kijiji chake na mwaka, kama vile jina la Rureke lilivyoandikwa. Mkono mmoja haufungi mzigo, na wazee wenye kuzijua hadisi hizi wanaondoka kila msimu wa mvua.